Kuchagua Chepe la Kuondolea Matope ya Mafuriko Nyumbani

Mto Lumemo unapofurika wakati wa masika, maji huingia katika nyumba za Ifakara kwa siku chache, kisha hupungua, matope hubaki. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 chenye matope ya kina cha sentimita 10 kina mita 1.2 za ujazo. Kwa kuwa lita moja ya matope mazito hufikia takriban kilo 1.7, chumba hicho kimoja hubeba tani 2 hivi, nazo hutolewa kwa mikono ya wenye nyumba.

Wengi hununua chepe kubwa wakitaraji kumaliza upesi. Chepe la lita 6 huinua kilo 10 kila mara, mbali na uzito wa chuma chenyewe. La lita 3 huinua kilo 5. Ni kweli kwamba mizigo itaongezeka kutoka 200 hadi 400. Lakini kiuno huumizwa zaidi na uzito wa mara moja, hasa mtu anapoinama na kujipinda kwa wakati uleule ili atupe mzigo pembeni. Chukua dogo, na ugeuze miguu badala ya kiuno.

Nchi za baridi hutumia machepe mapana sana kuondolea theluji, maana theluji mpya ni nyepesi. Hata hivyo, mwaka 2017 watafiti wa Quebec, nchini Canada, walichapisha utafiti uliohusisha theluji nyingi na ongezeko la shambulio la moyo kwa wanaume, wakishuku kazi ya chepe. Matope yetu ni mazito kuliko theluji hiyo. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo na apewe kazi nyingine. Akishikwa na maumivu ya kifua, apelekwe hospitali bila kungoja jioni.

Kwa sakafu, chagua chepe bapa lenye mdomo wa mraba. Lililochongoka ni la mitaro, na huchimbua sakafu ya udongo. Likisimamishwa wima, mpini ufike kifuani. Ile mipini mifupi yenye kishikio inafaa kujazia toroli mchanga, si kazi ya asubuhi nzima. Ukague usiwe na nyufa, kwani huchubua viganja. Mfinyanzi hunata, basi chovya chepe majini kila baada ya mizigo michache. Matope yangali majimaji, ubao uliopigiliwa mpini huyasukuma hadi mlangoni pasipo kuinua chochote. Kwa maoni yangu hicho ndicho chombo bora kuliko vyote, nacho hakiuzwi dukani.

Michubuko hiyo si jambo dogo. Mkojo wa panya uliochanganyika na matope huweza kubeba bakteria wa homa ya mgunda, iliyozuka mkoani Lindi mwaka 2022, nao hupenya kwenye ngozi iliyochubuka. Vaa gambuti na glovu. Ukikatwa, osha jeraha kwa maji safi na sabuni, kisha uende kituoni kuulizia chanjo ya pepopunda.

Nanyi wahudumu, mgonjwa akija na homa, macho mekundu na maumivu ya misuli ya miguu, msiishie kwenye kipimo cha malaria. Mwulizeni kama alizoa matope katika wiki nne zilizopita, na kama alikuwa pekupeku.