Chumvi ya Katwe, Shaba ya Kilembe na Siri ya Damu

Kila aliyepita Katwe, katika wilaya ya Kasese, amewaona wavunaji wa chumvi wakisimama katika vidimbwi vyao huku wakilingoja jua. Maji hupungua pole pole, na chumvi iliyomo hujipanga yenyewe kuwa vipande vyenye pande zilizonyooka. Vipande vya namna hiyo huitwa fuwele. Maji yakikaushwa kwa haraka hutoka unga. Yakiachwa yatulie, fuwele hukua.

Ndugu msomaji, huenda ukauliza habari hii yahusu nini nyumba ya askari. Yahusu damu ya watoto wetu. Wako watoto ambao hushikwa ghafla na maumivu makali ya mifupa. Vidole huvimba, macho hugeuka manjano, na jamaa huanza kumshuku jirani kuwa mchawi. Ugonjwa huo ni selimundu, na namna unavyofanya kazi yake mbaya ilidhihirishwa kwa msaada wa fuwele. Si za chumvi, bali za damu.

Mwaka 1949 madaktari Hermann Lehmann na Alan Raper, waliokuwa wakifanya kazi Uganda, walitangaza kwamba huko Bwamba, upande wa pili wa milima ya Ruwenzori, watu wapatao 45 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na urithi wa selimundu katika damu yao. Mwaka huohuo, Linus Pauling na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba kasoro imo katika himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Likabaki swali: himoglobini ina umbo gani?

Molekuli ya himoglobini ni ndogo mno, hata mwanga wa kawaida hauwezi kuonyesha atomu zake kwa darubini. Eksirei yaweza kuzifikia, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi kama nafasi iliyo kati ya atomu na atomu. Katika mitambo mingi ya maabara, eksirei hiyo hupatikana kwa kupiga elektroni kwa nguvu juu ya kipande cha shaba, madini yaleyale yaliyochimbwa Kilembe tangu mwaka 1956 hata 1982. Milimita moja ikigawanywa sehemu milioni 10, wimbi la eksirei ya shaba lina urefu wa sehemu moja na nusu hivi.

Lakini molekuli moja peke yake haitoi alama ya kutosha. Ndiyo sababu hutakiwa fuwele, ambayo ndani yake molekuli zisizo na idadi husimama kama kikosi katika gwaride, safu kwa safu, kwa mpango mmoja. Eksirei ikipita humo hutawanyika na kuacha madoa mengi juu ya filamu au chombo cha kupokea. Ukali wa kila doa hupimwa, kisha kwa hesabu hupatikana ramani ya atomu. Safu zikiyumba, madoa nayo hutanda kama wino juu ya karatasi iliyolowa.

Kazi ya kukusanya vipimo hivyo ina masharti yake, na kila sharti lilijulikana kwa taabu.

Sharti la kwanza ni unyevu. Fuwele ya protini si kavu kama ya chumvi. Mara nyingi nusu yake ni maji. Ikiachwa ikauke, safu huvunjika. Mwaka 1934, huko Cambridge, J. D. Bernal na Dorothy Crowfoot, bibi aliyezaliwa Cairo, waliihifadhi fuwele ya pepsini ndani ya kijibomba cha kioo pamoja na maji yake, na kwa mara ya kwanza picha nzuri ya protini ikapatikana.

Sharti la pili ni baridi. Eksirei yenyewe huiharibu fuwele inayopimwa. Kwa hiyo siku hizi fuwele hupozwa kwa nitrojeni hadi nyuzi 173 chini ya sifuri, ili uharibifu uende pole pole. Kabla ya hapo hapana budi kuitia katika dawa kama gliserini, maana maji yakigeuka barafu huipasua fuwele, nayo barafu huacha duara nyeusi zinazofunika madoa.

Sharti la tatu ni kujaribu kwanza. Mpimaji mwenye busara hupiga picha chache, akazitazama. Je, madoa ni madogo na yametengana? Yanafika mbali na katikati, mahali ambapo habari za undani hupatikana? Kama kila doa lina pacha wake, huenda ni fuwele mbili zilizoshikana, na heri kutafuta nyingine.

Sharti la nne ni kipimo cha nguvu. Eksirei ikizidi, madoa makali hupita uwezo wa chombo na fuwele hufa mapema. Ikipungua, madoa hafifu hayaonekani.

Sharti la tano ni ukamilifu. Fuwele huzungushwa kidogo kidogo, na kila hatua hupigwa picha, mpaka pande zote zinazohitajika zimepimwa, tena zaidi ya mara moja ili vipimo vishuhudiane. Upande uliosahauliwa hauwezi kubuniwa baadaye. Hesabu hodari haiwezi kurudisha kile ambacho hakikupimwa.

Subira hiyo ilizaa matunda. Max Perutz alianza kupiga picha za himoglobini ya farasi huko Cambridge mwaka 1937. Mwaka 1953 alionyesha kwamba atomu za zebaki zikishikizwa katika himoglobini, mabadiliko ya madoa huifungua hesabu iliyokuwa imefungwa. Mwaka 1959 umbo likaonekana, baada ya miaka 22, na mwaka 1962 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na John Kendrew. Yule Lehmann wa Uganda naye alihamia Cambridge, na mwaka 1968 yeye na Perutz walieleza jinsi kasoro za himoglobini zinavyoleta maradhi.

Kabla ya hapo Vernon Ingram alikuwa ameonyesha kwamba katika selimundu imebadilika asidi amino moja tu, ya sita katika mnyororo uitwao beta. Mwaka 1975 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walichapisha umbo la fuwele za himoglobini hiyo isiyo na oksijeni: molekuli zimeungana katika nyuzi mbili mbili, na pale palipobadilika ndipo zinaposhikana. Nyuzi za namna hiyo huipinda chembe nyekundu kama mundu, nayo huziba mishipa. Hakuna mchawi hapo.

Kuijua siri si kuumaliza ugonjwa. Dawa ya voxelotor, iliyotengenezwa ili kujishikiza katika himoglobini, iliruhusiwa Marekani mwaka 2019, lakini mwaka 2024 watengenezaji waliiondoa sokoni kwa wasiwasi juu ya usalama wake. Uchunguzi wa Uganda uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba watoto 13 hivi katika kila 100 wana urithi wa selimundu, ingawa wengi wao hawaumwi. Watu wawili wenye urithi huo wakioana, kila mimba ina hatari moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Basi vijana wanaokusudia kuoana, na wazazi wenye mtoto anayelia mifupa, waende hospitali wapimwe damu. Pauling, Ingram na Perutz walipima kwa miaka mingi ili kuijua kasoro hii. Sisi twaombwa tone moja la damu, tena mapema, kabla ya mahari na kabla ya mtoto kuteseka.