Zabuni: Jibu Ulichoulizwa

Ndugu msomaji, ukipita karibu na shule ya sekondari ya bweni saa sita mchana, utasikia harufu ya maharage yanayochemka. Mamia ya wanafunzi wanasubiri chakula. Je, umewahi kujiuliza mahindi na maharage yale yalinunuliwa kwa nani?

Mara nyingi yalinunuliwa kwa mfanyabiashara. Yeye alikuja kijijini wakati wa mavuno, akanunua kwa bei ya chini. Kisha akaiuzia shule kwa bei ya juu. Wakulima waliolima, wakapalilia na kuvuna walipata kidogo kuliko yeye.

Mfanyabiashara huyo hapati kazi kwa sababu mahindi yake ni bora kuliko yenu. Anaipata kwa sababu anajua kuandika zabuni. Ninyi pia sasa mnajua kusoma na kuandika. Basi tujifunze kazi hiyo.

ZABUNI NI NINI?

Shule, kituo cha afya au halmashauri inapotaka kununua kitu, kwa kawaida hutangaza. Tangazo husema kinatakiwa kitu gani, kiasi gani, cha ubora gani, na kifike wapi na lini. Wanaotaka kuuza hujibu kwa maandishi na kutaja bei yao. Jibu hilo ndilo zabuni. Majibu hulinganishwa, na anayetimiza masharti kwa bei nzuri hupewa kazi.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, inavikumbuka vikundi vya vijijini. Inazitaka taasisi za Serikali zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu. Makundi hayo ni wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 100 za kununulia vitu, shilingi 30 zitengwe kwa ajili yao.

Lakini kutengewa si kupewa. Ni lazima uombe, na uombe kwa njia inayotakiwa.

MAKOSA YALIYOTUFUNZA

Miaka michache iliyopita zabuni zilikuwa bado zinapelekwa katika bahasha. Kikundi kimoja cha akina mama katika kata ninayofanyia kazi kilitaka kuiuzia shule mahindi. Waliniomba mimi, Bwana Shamba wao, niwasaidie kuandika. Niliandika kurasa tatu. Nilieleza historia ya kikundi, bidii yao na shida zao. Niliona nimeandika vizuri sana.

Tulikosa. Tulipouliza sababu, tuliambiwa kwamba tangazo lilitaka tutaje siku ya kufikisha mzigo shuleni. Katika kurasa zote tatu sikuandika siku hiyo. Niliandika mengi yasiyoulizwa, nikaacha moja lililoulizwa. Kosa lilikuwa langu, na hasara ikawa ya akina mama.

Mwaka uliofuata tulijibu kila swali, tukapata. Lakini tulikuwa tumeandika bei bila kuhesabu gharama zote. Mweka hazina aliuza mbuzi wake wawili ili kulipa lori. Nusura kikundi kivunjike. Hivyo tulijifunza mambo mawili: jibu ulichoulizwa, na hesabu kabla ya kutaja bei.

JIANDAENI KABLA YA TANGAZO

Tangazo likitoka, siku huwa chache. Anayeanza kutafuta vyeti siku hiyo amechelewa. Tayarisheni mambo haya mapema:

1. Sajilini kikundi. Mwoneni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu. Kikundi kiwe na katiba, viongozi na daftari la mikutano.

2. Fungueni akaunti ya benki kwa jina la kikundi. Jina liwe lile lile katika kila karatasi. Jina likiandikwa namna mbili, mtahesabiwa kuwa vikundi viwili.

3. Pateni namba ya mlipakodi, yaani TIN, kutoka ofisi ya TRA. Hapo hapo ulizeni ni kodi gani itakayokatwa mtakapolipwa na Serikali.

4. Jisajilini katika NeST. Huu ni mfumo wa Serikali wa kufanya ununuzi kwa njia ya intaneti, na ulianza kutumika mwaka 2023. Siku hizi matangazo hutolewa humo, na zabuni hutumwa humo. Kama hamna kompyuta, Afisa Maendeleo ya Jamii au kitengo cha ununuzi cha halmashauri watawaelekeza. Neno la siri la kikundi litunzwe na viongozi. Asiachiwe mtu wa dukani.

SOMENI TANGAZO MARA TATU

Mara ya kwanza someni ili mjue linahusu nini. Mara ya pili mtu mmoja asome kwa sauti, na mwingine aandike kila kinachotakiwa katika daftari. Mara ya tatu hakikisheni hamkuruka kitu.

Kisha pigeni mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andikeni lililoulizwa. Upande wa kulia andikeni jibu lenu. Tangazo likisema "mahindi meupe, kilo 6,000", nanyi jibuni "mahindi meupe, kilo 6,000". Msijibu "magunia 60". Msiandike debe wala lumbesa. Serikali hununua kwa kilo, na lumbesa ni kosa kisheria.

Pakibaki mahali patupu upande wa kulia, zabuni bado haijawa tayari. Na kama kuna jambo hamlielewi, ulizeni kwa maandishi kabla ya siku ya mwisho. Kuuliza si aibu.

Semeni kweli kuhusu ubora. Mahindi ya kuhifadhi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Yaanikeni juu ya turubai, si juu ya udongo. Chambueni yaliyooza na yenye ukungu. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Chakula mnachopeleka shuleni kitaliwa na watoto wenu wenyewe.

HESABUNI BEI

Tuchukue mfano wa kilo 6,000 za mahindi. Bei hizi ni za mfano tu. Ninyi wekeni bei za mahali penu.

Ili mpate kilo 6,000 safi, tuseme mnahitaji kilo 6,300 kabla ya kuchambua. Wanakikundi wanalipwa shilingi 600 kwa kilo.

Mahindi kilo 6,300: shilingi 3,780,000
Magunia 60: shilingi 90,000
Kupepeta na kuchambua: shilingi 120,000
Kupakia na kushusha: shilingi 60,000
Lori hadi shuleni: shilingi 300,000
Nauli na karatasi: shilingi 50,000
Jumla: shilingi 4,400,000

Gawanyeni jumla hiyo kwa kilo 6,000. Mtapata shilingi 733 na senti kidogo kwa kila kilo. Kikundi kitakachoandika shilingi 700 ili kishinde kitapokea shilingi 4,200,000. Kitakuwa kimepata hasara ya shilingi 200,000. Kikundi kitakachoandika shilingi 780 kitapokea shilingi 4,680,000 na kubakiwa na shilingi 280,000 kabla ya kodi.

Kumbukeni pia kwamba Serikali hulipa baada ya kupokea mzigo, na malipo yanaweza kuchelewa. Je, wanakikundi wataweza kusubiri mwezi mmoja au zaidi? Kubalianeni mkutanoni, muandike katika daftari. Kama kilo 6,000 ni nyingi kwenu, subirini zabuni ndogo. Mzigo mzito usioweza kuubeba ni afadhali usiutwishwe.

TUMENI MAPEMA

Msingoje siku ya mwisho. Umeme unaweza kukatika na mtandao ukasumbua. Saa ya kufunga ikipita, mfumo haupokei. Tumeni siku mbili au tatu kabla. Mtu ambaye hakuandika zabuni aisome kwanza, kwa kuwa jicho geni huona kosa upesi.

Mtu akiwaambia mtoe chochote ili mshinde, mkatalieni. Toeni taarifa TAKUKURU kwa simu namba 113. Kupiga namba hiyo ni bure.

MKIPATA, NA MKIKOSA

Mkipata, pelekeni kile kile mlichoandika, siku ile ile mliyoandika. Mzigo upimwe mbele yenu. Mpokeaji atie sahihi, nanyi mbaki na nakala. Bila karatasi hiyo hamtaweza kudai fedha zenu.

Mkikosa, msikasirike na kuacha. Ulizeni sababu. Iandikeni katika daftari ili msiirudie. Mkiona mmeonewa, leteni malalamiko kwa maandishi upesi, maana sheria inaweka siku chache za kulalamika.

Wale akina mama hawakuacha. Mwaka wa tatu waliandika zabuni wenyewe, kwa mwandiko wao. Mimi nilisoma tu, nikarekebisha neno moja. Walipata kazi, walilipa lori, na kila mmoja alipata fungu lake. Mweka hazina alinunua mbuzi tena.

Ndugu msomaji, katika mkutano ujao wa kikundi chenu someni makala hii kwa sauti. Kisha jadilianeni: Je, kikundi chetu kimesajiliwa? Ni taasisi gani iliyo karibu nasi inayonunua kitu tunachozalisha? Kati yetu, nani atasoma tangazo na nani atahesabu bei?