Masalia ya Pamba na Njia ya Chuo Kikuu

Mtoto wa Songwa ajua kwamba baada ya mavuno masalia ya pamba hung'olewa na kuchomwa. Mwulize sababu, huenda akajibu kuwa ni amri ya Bwana Shamba. Somo lianzie hapo, maana kutaja amri si kufundisha. Funza hujificha katika vitumba vilivyosalia, wakangojea pamba ya msimu ujao.

Kuzuia visumbufu na maradhi yasienee ni taaluma. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, hufundisha kilimo na udaktari wa mifugo. Wahitimu hukagua mbegu na wanyama mipakani, au hupima sampuli maabara. Msingi wake ni Sayansi ya darasani mwetu.

Ndugu mwanachuo, pasua kitumba kikavu mbele ya wanafunzi, wamtafute funza wenyewe.