MASHUA IMEPENDEZA, MTOTO ANAUGUA



Wakati wa kutengeneza mashua ukifika, ufuko wa Ziwa Victoria hujaa kazi. Mashua huvutwa nchi kavu. Fundi huziba nyufa kwa pamba. Mwenye chombo hukwangua rangi ya zamani, kisha hupaka mpya. Kazi hii ni njema. Ubao uliopakwa rangi haunyonyi maji upesi wala hauozi upesi. Lakini ndani ya kazi hii kuna adui asiyeonekana.

Siku moja mama mmoja alileta mtoto wake zahanati. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitatu. Tumbo lilimwuma mara kwa mara. Choo kilikuwa kigumu. Alikataa kula, na viganja vyake vilikuwa vyeupe kwa kupungukiwa damu.

Nilipima malaria, haikuwapo. Nilipima choo, sikuona minyoo. Nikamwuliza: "Mama, nyumbani kwenu kuna kazi gani siku hizi?"

Akajibu: "Baba yake anatengeneza mashua, Daktari. Anaikwangua hapo uani. Na huyu hambanduki baba yake."

Nilimpeleka mtoto hospitali ya wilaya. Damu yake ilipelekwa mbali kupimwa. Majibu yaliporudi, yalisema damu ina risasi.

Risasi ni nini?

Hapa sisemi risasi ya bunduki. Nasema madini ya risasi, yale mazito ya kijivu ambayo wavuvi hutengenezea chubwi la mshipi. Viwanda vingi vya rangi viliyatia madini hayo katika rangi za mafuta ili zing'ae, zikauke upesi na kudumu. Rangi nyekundu, za njano na za machungwa mara nyingi zilikuwa nayo kwa wingi. Siku hizi nchi nyingi zimeweka sheria ya kuyapunguza. Lakini rangi kuukuu bado iko juu ya mashua zetu.

Rangi ikikaa juu ya ubao, haina madhara makubwa. Hatari huanza ukiikwangua au kuisugua kwa msasa mkavu. Vumbi huruka. Huingia puani. Huanguka juu ya udongo, vyombo na nguo. Mtoto hutambaa hapo, kisha hutia vidole mdomoni.

Mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyoingia tumboni mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mzima. Risasi hupunguza damu, hudhuru ubongo, na hujificha katika mifupa kwa miaka mingi. Mama mwenye mimba akiwa nayo, humfikia mtoto tumboni. Mtoto aliyeipata huweza kuwa mzito wa kujifunza. Ikizidi sana, huleta degedege na kifo. Wataalamu hawajaona kiasi chochote cha risasi kilicho salama.

Tusidhani ni jambo dogo. Kati ya mwaka 2007 na 2008, huko Thiaroye-sur-Mer karibu na Dakar, nchini Senegal, watoto 18 walikufa katika muda wa miezi michache. Uchunguzi ulionyesha sumu ya risasi. Hiyo haikutoka katika rangi. Ilitoka katika betri kuukuu za magari zilizovunjwa hapo kijijini. Basi, ndugu mvuvi, usiyeyushe betri nyumbani ili upate chubwi.

Tufanye nini?

1. Tengeneza mashua mbali na nyumba, kisima na jiko. Watoto na mama wajawazito wasikaribie.

2. Lowesha rangi ya zamani kwa maji kabla ya kuisugua. Msasa uwe ule wa kutumia na maji. Usiichome rangi kwa moto, kwa maana moshi wake ni sumu.

3. Tandika turubai chini. Kusanya maganda yote katika kopo lenye kifuniko. Usiyatupe ziwani wala shambani. Mwulize bwana afya mahali pa kuyaweka.

4. Funika pua na mdomo. Kitambaa husaidia kidogo tu, hakizuii vumbi lote. Kwa hiyo kulowesha ni lazima.

5. Usile wala kuvuta sigara kazini. Nawa kwa sabuni, si kwa petroli. Badili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

6. Paka rangi mahali penye hewa. Ukisikia kizunguzungu, ondoka. Mtu akimeza petroli au tapentaini, usimtapishe. Mpeleke zahanati mara moja.

7. Kopo la rangi lililokwisha si la kuchotea maji ya kunywa, hata likioshwa mara kumi.

Na wenye mashua za alumini? Alumini haihitaji rangi ili isishike kutu kama chuma. Ina utando wake mwembamba unaoikinga. Usiipake ile rangi nyekundu ya risasi inayopakwa chuma. Itakudhuru wewe, na majini itailia alumini yako matundu.

Sasa umejua kusoma. Dukani, soma maandishi ya kopo kabla ya kulipa. Taka rangi iliyoandikwa kwamba haina risasi. Nyumbani, mpe mtoto dagaa pamoja na mifupa yao, na mboga za majani. Mtoto aliyeshiba chakula bora hufyonza risasi kidogo zaidi.

Yule mtoto wa miaka mitatu sasa anakula na kucheza. Baba yake aliniuliza: "Daktari, je, akili yake itakuwa kama ya wenzake?" Sikuweza kumwahidi. Dawa inaweza kupunguza risasi katika damu, lakini ubongo ulioumia huenda usirudi kama ulivyokuwa. Heri kinga kuliko tiba.

Maswali ya kujadili darasani:

1. Kijijini kwetu mashua hukwanguliwa wapi? Watoto huwa wapi wakati huo?
2. Makopo ya rangi yaliyokwisha tunayatumia kwa kazi gani?
3. Tukubaliane mahali gani pawe pa kutengenezea mashua zetu zote?