Mlipuko Unasingiziwa: kweli na uongo kuhusu mabomu, mabwawa na maji

Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya mji wa Katesh, Tanzania, na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kabla hata miili haijapatikana yote, tayari simu zilikuwa zimejaa neno moja: volkano. Binadamu hupenda kulaumu mlipuko. Maji, ambayo mara nyingi ndiyo mhalifu, huachwa yaende zake.

"Mlima Hanang ulilipuka." SI KWELI.

Hanang ni volkano, hilo halina ubishi, na maziwa ya mviringo kule Basotu ni makovu ya milipuko ya zamani sana. Lakini mwaka 2023 hapakuwa na moto wala majivu. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua hadi ikameguka. Maji yakiingia kwenye udongo huuongezea uzito, na papo hapo husukuma chembe zake zisishikane. Mteremko ukishindwa kujibeba, unashuka. Na tope lililobeba mawe makubwa hunguruma likishuka, kwa hiyo aliyedhani amesikia mlipuko hakuwa mzushi.

"Bomu kubwa likianguka jirani na bwawa, ukuta umekwisha." SI KWELI.

Hili limejaribiwa. Majira ya baridi ya 1940 hadi 1941, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huko Garston karibu na Watford, Uingereza, watafiti wa majengo walijenga mfano wa bwawa la Möhne la Ujerumani, mdogo mara 50 kuliko lenyewe. Bwawa halisi lilikuwa ukuta wa mawe wenye kimo cha mita 40 hivi, unaosimama kwa uzito wake. Mhandisi Barnes Wallis alitaka kujua bomu la kiasi gani lingeubomoa.

Hesabu yake inafurahisha. Urefu, upana na kimo vyote vikigawanywa kwa 50, baruti hugawanywa kwa 50 mara tatu, yaani kwa 125,000. Tani 10 za baruti zinageuka gramu 80, uzito wa andazi. Wakalipua vijibomu hivyo majini, mbali kidogo na ukuta, na ukuta ukapata nyufa tu. Ili uvunjike kwa namna hiyo lingehitajika bomu ambalo hakuna ndege ya wakati ule ingeweza kulibeba.

Jibu alilipata mtafiti A. R. Collins: baruti ikigusa ukuta chini ya maji, kiasi kidogo tu kinatosha. Ili kuhakikisha, wakaenda Wales kwenye bwawa dogo la zege la Nant-y-Gro, lenye kimo cha mita 10 hivi, ambalo lilikuwa halitumiki tena. Julai 1942 kilo zisizozidi 130 za baruti zilizotegwa chini ya maji zilitoboa pengo katikati ya ukuta.

Siri iko kwenye maji. Hewa hubonyea, hivyo nguvu ya mlipuko husambaa na kupotea. Maji hayabonyei kirahisi, kwa hiyo huibana nguvu ile dhidi ya ukuta. Wimbi la mshtuko hupenya hadi upande mkavu, hugonga hewa na kurudi likivuta badala ya kusukuma. Zege na mawe huvumilia sana kubanwa, lakini kuvutwa haviwezi. Ndiyo maana ukuta unaweza kuanza kubanduka upande ambao bomu halikugusa kabisa. Kisha uzito wa bwawa zima husukuma nje vipande vilivyolegea.

Usiku wa Mei 16 kuamkia 17, 1943, ndege za Kikosi cha 617 cha Uingereza ziliangusha mabomu yenye baruti ya tani 3 hivi, yakarukaruka juu ya maji, yakazama ukutani na kulipuka kwenye kina cha mita 9. Möhne likapasuka, na jingine la Eder pia. Watu zaidi ya 1,300 walikufa, wengi wao wageni waliolazimishwa kufanya kazi Ujerumani. Filamu za vita huwasahau upesi.

"Mfano mdogo ni mchezo wa watoto." SI KWELI, ila nao hudanganya.

Unaweza kupunguza ukuta, baruti, hata kokoto za kwenye zege. Nguvu ya uvutano wa dunia huipunguzi wala huiongezi. Ukuta mdogo mara 50, wa zege lilelile, huelemewa na uzito wake mara 50 pungufu, kwa hiyo huonekana imara kuliko ulivyo ukuta halisi. Siku hizi watafiti huuweka mfano kwenye mashine inayouzungusha kwa kasi hadi uwe mzito mara 50, ndipo wanalipua.

"Zege linashinda udongo." INATEGEMEA ADUI NI NANI.

Usiku uleule wa 1943, bwawa la Sorpe lilipigwa na mabomu mawili na halikupasuka, kwa sababu lilikuwa tuta nene la udongo na mawe lenye kiini cha zege. Udongo humeza mlipuko. Lakini maji yakipita juu ya tuta la udongo, hulila. Bwawa la Patel kule Solai, Nakuru, nchini Kenya, lilikuwa la udongo. Mei 9, 2018 lilibomoka wakati wa mvua kubwa na kuua watu zaidi ya 40.

"Mai Mahiu, bwawa lilipasuka." SI KWELI.

Ndivyo ilivyotangazwa Aprili 29, 2024, mafuriko yalipoukumba mji huo wa Kenya. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kuwa takataka ziliziba kalavati chini ya tuta la reli, maji yakajikusanya nyuma yake hadi tuta likashindwa.

"Mbulu na Hanang kuna malambo tu, haya hayatuhusu." SI KWELI.

Kuta ndefu za zege ziko kwingine, kama lile Bwawa la Julius Nyerere lenye kimo cha mita 131 kwenye Mto Rufiji. Huku lambo la kunyweshea ng'ombe ni tuta la udongo, na hakuna atakayekuja kulipiga bomu. Linavunjwa na utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, ulioota magugu, au uliozibwa kwa viroba vya mchanga ili maji yabaki mengi zaidi kiangazi. Linavunjwa na mizizi ya mti ulioachwa ukue juu ya tuta, na mashimo ya fuko. Dalili ya kutafuta iko chini ya tuta, upande mkavu: majimaji yanayochuruzika. Yakiwa maangavu, endelea kuyachunguza. Yakianza kutoka na matope, tuta linaliwa kwa ndani, na walio bondeni wahame mara moja.