Tangi la bia likigoma kupoa, anza na mkono wako

Fikiria una tangi la lita 1,000 la bia changa, siku ya pili tangu utie hamira. Uliseti nyuzi 18, skrini inasoma 21 na bado inapanda. Mashine ya kupozea inanguruma huko nje kama kawaida. Utafanya nini?

Wengi hukimbilia kushusha joto la glaikoli. Subiri kwanza, tuone hilo joto linatoka wapi.

Hamira ikila sukari hutoa alkoholi, hewa ya ukaa na joto: kilojuli kama 560 kwa kila kilo ya sukari. Tangi lako lina kilo 80 hivi za sukari itakayoliwa. Zidisha mwenyewe, unapata kilojuli kama 45,000. Joto hilo lisipokuwa na pa kwenda, bia yote inapanda nyuzi kama 10. Ukifika 28, hamira inaanza kutoa alkoholi nzito zinazonuka kama thina, na harufu hiyo huitoi tena. Tangi zima limekwenda.

Kazi ya kubeba joto ni ya glaikoli: maji yaliyochanganywa na propilini glaikoli kama asilimia 30, yakiwa na nyuzi -2 hadi -4. Pampu inayazungusha kwenye jaketi, yaani ule uwazi kati ya kuta mbili za tangi, na valvu ya umeme inafungua pale sensa inapoomba baridi.

Sasa swali la kwanza, na ni la bure: ni tangi moja au yote? Likiwa moja, achana na mashine. Shika bomba linaloingia kwenye jaketi na lile linalotoka, wakati valvu inatakiwa iwe wazi. Linaloingia likiwa vuguvugu, hakuna kinachopita. Sogeza ncha ya bisibisi kwenye koili ya valvu bila kugusa nyaya: ikivutwa kama na sumaku, umeme unafika, kwa hiyo kagua uchafu ndani ya valvu au kwenye chujio. Kama linaloingia ni baridi lakini linalotoka lina joto sana, mtiririko ni mdogo. Mara nyingi ni hewa iliyonasa juu ya jaketi. Ndiyo maana glaikoli huingizwa chini na kutolewa juu. Toa hewa. Usiongeze presha ya pampu ili kulazimisha, maana majaketi mengi ni membamba na hayakutengenezwa kwa zaidi ya baa 1 hivi. Soma bati la mtengenezaji. Likipasuka kwa ndani, utakunywa glaikoli.

Mabomba yote mawili yakiwa baridi na skrini bado inalalamika, mshuku sensa. Itumbukize kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo. Isiposoma 0, inakudanganya.

Matangi yote yakipata joto, hapo ndipo uende nje. Mara nyingi ni vumbi kwenye kondensa, au kuna mtu amepanga magunia ya kimea mbele ya feni (kila kiwanda kina mtu huyo). Tatizo la kificho zaidi ni maji. Kiwango kikishuka watu huongeza maji ya bomba, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka asilimia 30 inakuwa 15. Mchanganyiko wa 30 huganda kwenye -13 hivi. Wa 15 kwenye -5. Utasema, mbona natumia -4 tu? Ni kwa sababu bamba la kupozea ndani ya mashine ni baridi kuliko glaikoli yenyewe. Barafu inajenga pale, na barafu huzuia joto kupita. Mashine inafanya kazi kutwa nzima na baridi huioni. Pima kwa refraktomita yenye kipimo cha propilini. Wala usizidishe dawa kwa woga: ikiwa nzito inapita kwa shida na inabeba joto kidogo. Na kamwe usitie kuleja ya gari. Nyingi zina ethilini glaikoli, sumu inayoua figo.

Kisa cha mwisho kinachanganya hata wazoefu. Bia imeisha kuchachuka, unaishusha kuelekea 0, inafika 3 inakwama. Hakuna kilichoharibika. Maji ni mazito kuliko yote kwenye nyuzi 4, bia chini kidogo ya hapo. Juu ya kiwango hicho bia baridi huzama. Ikishuka chini yake, iliyo baridi zaidi hupanda juu. Sensa iliyo chini inaendelea kusoma 3 huku juu kunakaribia kuganda. Ukishusha glaikoli sasa, unajenga barafu ukutani, kwani bia ya asilimia 5 huganda kwenye -2 hivi. Funga jaketi la juu, fungua la kwenye koni, uache bia baridi ipande yenyewe. Inachukua muda, kwa hiyo kaangalie tena kesho asubuhi.