Mbona Van Dijk Alikaa Nje Miezi Tisa Juu ya Goti?

Oktoba 2020, kipa wa Everton, Jordan Pickford, alimvaa Virgil van Dijk vibaya, ACL ikaenda. Hiyo ni kano ya ndani ya goti inayozuia mfupa wa chini kuteleza mbele. Beki huyo wa Liverpool alirudi kucheza Julai 2021, tena mechi ya kirafiki tu.

Pesa si ilikuwako? Ilikuwako, lakini mwili hauhongwi. Kwa kawaida daktari hashoni kano iliyokatika. Anatoa kipande cha kano nyingine, mara nyingi nyuma ya paja, anatoboa mifupa na kukipitisha hapo. Kipande hicho kwanza hulegea, ndio mwili ukijenge upya polepole.

Sasa ngori iko hapa: kati ya wiki ya 6 na 12 hivi, uvimbe umeshuka, magongo umetupa, unajiskia fiti kabisa. Na ndio wakati kipande kiko dhaifu zaidi. Maprofeshono huzuiwa hadi wapimwe nguvu ya paja na kuruka kwa mguu mmoja. Mtaani nani anakuzuia? Maboyz wanakupigia Jumapili asubuhi, wamepungukiwa na beki.